Sombe Haipikwi Mbiombio

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Komite imeomba yachapishwe yote, kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile na kwa ndugu zetu wafadhili walio mbali.

Mwenyekiti aliniomba niseme kidogo juu ya chakula cha nyumbani. Mnanijua. Mimi ni yule dada wa shirika anayepita na pikipiki na daftari, anayeuliza watoto wamekula mara ngapi jana. Leo sikuja na picha za kubandika ukutani. Nimekuja kuongea juu ya chungu kimoja tu: sombe iliyopikwa polepole pamoja na nyama ya nguruwe ya moshi. Lakini mbele ya kufungua hicho chungu, nina deni la kulipa kwenu.

Miaka miwili iliyopita, wakati nilikuwa mpya hapa, niliwafundisha wamama wa vikundi vitatu namna ya kupika mboga ya majani. Nilikuwa nimetoka shuleni Bukavu na diplome yangu, na kwenye kichwa nilikuwa na mambo mawili. Jambo la kwanza, kuni na makala vinamaliza franka za familia, na miti ya milimani inaisha. Jambo la pili, mboga ikikaa sana motoni, vitamini zinapotea. Yote mawili ni kweli. Basi nikayajumlisha nikapata jibu langu: pika mboga dakika kumi na tano, funika chungu, moto usitoke bure. Wamama wakaniuliza: «Na sombe?» Nikasema sombe pia ni mboga. Mama mmoja akasema kutwanga kunachosha, mkono unauma. Nikamwambia akate majani kwa kisu, vipande vidogo sana, itatosha.

Haikutosha. Wiki ileile, katika nyumba moja ya wanachama wetu, watoto wawili walikula ile sombe ya dakika kumi na tano. Mbele ya jua kuzama, kichwa kiliwazunguka, wakatapika, mdogo akawa analegea. Walipelekwa kwenye kituo cha afya. Usiku wakapata nafuu, na leo wote wawili wanasoma. Mkubwa ndiye aliyenifungulia mlango leo asubuhi. Muuguzi aliuliza walikula nini. Aliposikia namna sombe ilivyopikwa, alitikisa kichwa akasema: «Nani alimufundisha huyu mama kupika hivi?»

Ni mimi niliyemufundisha. Sikusema siku ile. Tena, na hapa naongea na wafadhili wetu, katika ripoti ya miezi mitatu nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba familia nyingi «zimepunguza muda wa kupika». Tuliandika kama ushindi. Hesabu ilikuwa ya kweli, lakini maana yake haikuwa ya kweli.

Bibi ya wale watoto aliniita. Nilifikiri ataniletea matusi. Aliniambia tu: «Mwanangu, kuja siku ya posho asubuhi, mbele ya jua kupanda. Kuja na nguo za kazi.» Nikaenda. Mambo nitakayowaambia sasa nimeyapata kwenye kile kinu chake, halafu nikarudi kuyatafuta kwenye vitabu, nikakuta vitabu vinakubaliana naye.

Tuanze na jani lenyewe. Muhogo una sumu ndani yake. Mizizi inayo, na majani yanayo, mara mingi hata kupita mizizi. Lakini hiyo sumu haikai tayari ndani ya jani. Jani likiwa zima, kuna kitu kimoja kimefungwa upande wake, na kitu kingine kinachoweza kukifungua kimefungwa upande mwingine. Ukitwanga, unavunja vyumba vyote viwili, vinakutana, na hapo sumu inatoka kama hewa. Hiyo hewa inaenda zake, kama hukuifungia kifuniko. Ndiyo sababu kinu si desturi ya kuchosha wanawake tu. Kinu ndicho kinachoondoa sumu. Kisu kinakata jani vipande, lakini ndani ya kila kipande vyumba vingi vinabaki vizima. Halafu ukitia vile vipande ndani ya maji ya moto haraka, moto unaua kile kitu kinachofungua, na sumu inabaki imefungwa ndani ya mboga mpaka ndani ya tumbo la mtoto. Mimi niliwafundisha kukata kwa kisu, kutia motoni mbio, na kufunika. Makosa matatu juu ya jani moja.

Bibi hajui habari ya vyumba vya jani. Yeye alisema hivi: «Moto haushiki nafasi ya kinu. Sombe isiyotwangwa, hata uipike mpaka kesho, bado itakukasirikia.»

Sasa namna alivyopika. Nawapa kama alivyonipa.

Tulichuma majani ya juu, yale laini, mafungu sita kwa watu kumi. Tukatoa vijiti, tukaosha mchanga. Tukatwanga pamoja na majani ya kitunguu, pilipili mbichi na bilinganya ndogo mbili, kidogo kidogo, mpaka ikawa kama udongo laini wa kijani na hakuna jani linaloonekana. Mikono yangu ilitoka malengelenge, wajukuu walinicheka. Halafu bibi akaitandaza kwenye sinia pana, akaiacha kivulini. Nikauliza tunangoja nini. Akasema: «Tunaiacha ipumue.» Tuliacha karibu saa mbili, tukashughulika na nyama. Kisha tukaiosha kwa maji baridi, tukakamua, tukamwaga yale maji.

Nyama ilikuwa nguruwe wa moshi, nusu kilo, na ngozi yake na mifupa. Si nyama ya sherehe. Ni ile ya mbavu na shingo iliyotundikwa juu ya vijiti, juu ya moto mdogo, mpaka ikawa nyeusi kwa nje. Aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaikwangua masizi kwa kisu, akakata vipande vidogo ili kila sahani ipate. Akaichemsha peke yake karibu saa moja, ndani ya sufuria nyingine, mpaka ngozi ikalegea na maji yakawa na harufu ya moshi.

Hapa nisimame kidogo juu ya nguruwe. Moshi unatunza nyama isioze mbio, lakini moshi hauiivishi. Nguruwe wanaozurura na kula uchafu wa watu wanaweza kubeba mbegu za mnyoo tegu ndani ya nyama. Zinaonekana kama punje nyeupe za mchele. Ukiziona, usinunue, hata kama bei imeshuka. Na ile usiyoiona, moto mrefu ndio unaokulinda. Jambo la pili ni homa ya nguruwe, ile inayomaliza zizi zima kwa siku chache. Ile homa haishiki binadamu, lakini haina dawa, na virusi vyake vinaweza kuishi ndani ya nyama ya moshi. Basi yale maji uliyooshea nyama, na mifupa iliyobaki, usivitupe kwenye chakula cha nguruwe wako ao wa jirani. Vifukie. Wale walio kwenye mzunguko wetu wa nguruwe, ambao kila mmoja anangoja mtoto wa nguruwe kutoka kwa mwenzake, washike sana neno hili. Sahani moja ya mabaki inaweza kuvunja mzunguko wote.

Turudi kwenye chungu. Bibi alitia sombe ndani ya sufuria kubwa na maji baridi, akawasha moto, na hakufunika. Maji yalipochemka, mvuke ukapanda, akaniambia nisiinamishe uso juu yake. Aliacha ichemke wazi kwa muda mrefu, karibu nusu saa na zaidi, akikoroga. Kisha akamimina ile nyama pamoja na maji yake ya moshi. Akapunguza moto, akaacha vijiti viwili tu chini. Hapo ndipo polepole ilipoanza. Saa moja nzima hatukufanya kitu isipokuwa kukoroga na kuongea. Karibu na mwisho akatia kikombe kimoja cha mawese na kitunguu, akaacha ichemke pamoja mpaka mafuta mekundu yakaelea juu. Chumvi alionja kwanza, juu ya nyama ilikuja na chumvi yake. Akatia kidogo tu.

Tulikula na ugali wa muhogo. Watu kumi, nusu kilo ya nyama, na hakuna aliyeuliza nyama iko wapi, juu kila tonge lilikuwa na ladha yake.

Na vitamini? Nilimuuliza, nilitaka kutetea diplome yangu kidogo. Hakujibu, alicheka. Nitajibu mimi. Ni kweli vitamini C inapungua sana kwa moto mrefu. Lakini sombe haina vitamini C tu. Ina protini kuliko mboga mingi za majani, ina chuma na kalisi, na hivyo haviishi kwa kuchemka. Mawese mekundu yanaleta kile kinachotengeneza vitamini A, na mafuta yanasaidia mwili kukipokea. Lakini usiyachome mawese mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio tunaoutaka. Vitamini C tutaitafuta kwenye ndimu, kwenye maembe na kwenye mapapai, vyote tunavyo hapa Baraka bila kuwasha moto. Lengalenga na matembele, hayo ndiyo unaweza kupika kwa muda mfupi. Kosa langu lilikuwa kuweka majani yote ndani ya sheria moja.

Sasa niseme kile kilichonigusa zaidi. Tulipokuwa tunangoja ule moto mdogo, nilimuuliza bibi: juu ya nini binti yako alinisikia mimi, na wewe uko nyumbani mwake? Hakukasirika. Aliniambia habari ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mimi.

Walivuka ziwa mwaka 1996, wakati wa vita, wakafika Kigoma. Binti alikuwa na miaka mitano. Alikulia Lugufu. Kule, mboga hii waliisikia ikiitwa kisamvu kwa jirani Watanzania, lakini kwenye posho ilikuja unga wa mahindi, maharage ao mbaazi, mafuta na chumvi. Kuni zilikuwa mbali, nje ya kambi. Mwanamke aliyeenda kuni alienda na woga: anaweza kukutana na watu wabaya porini, anaweza kurudi bila kuni, anaweza kurudi ameumizwa. Basi kila kijiti kilihesabiwa. Mtoto wa kike aliyekulia pale alijifunza kwamba mama mwerevu ni yule anayezima moto mbio. Hakuona kinu kikipiga asubuhi nzima. Waliporudi kwa mashua mpaka hapa Baraka mwaka 2007, alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea mbio.

Bibi alisema: «Nilipotaka kumufundisha, alikuwa anasema tunapoteza kuni. Halafu ukaja weye na karatasi, ukasema vilevile. Nikanyamaza.»

Ndugu zangu, hilo neno «nikanyamaza» sikulala nalo vizuri. Sisi wa mashirika tunakuja kuwasaidia waliorudi, na tunasema tunataka wasimame tena. Lakini siku ile mimi nilichukua tabia ya kambi, tabia iliyozaliwa na woga, nikaipiga muhuri nikaiita maarifa. Na mtu aliyekuwa na maarifa yenyewe alikuwa amekaa pale kwenye kiti kidogo, hakuna aliyemuuliza.

Mtu anayefikiri atakimbia kesho hapiki sombe ya saa tatu. Hapandi muhogo, juu utachukua miezi mingi ardhini kabla haujavunwa. Hafugi nguruwe. Nilipoona ule moto wa vijiti viwili, nilielewa kwamba yule bibi hafanyi uzembe. Anafanya kazi ya mtu aliyefika nyumbani. Sisemi usalama umeisha kuwa kamili. Mnajua wenyewe barabara zetu. Nasema tu kwamba binti zake wana haki ya kujua kupika kama watu wa nyumbani.

Lakini shida ya kuni iko palepale, sitaifunika kwa maneno matamu. Basi tulitafuta pamoja namna ya kupunguza kuni bila kupunguza muda. Tumejaribu hivi katika nyumba nne, na inafaa.

Sombe ikiisha kuchemka wazi, sumu imetoka, na nyama imeisha kutiwa na kuchemka nayo vizuri, unatoa sufuria motoni ikiwa bado inatokota. Sasa hapo ndipo unafunika. Unaiweka ndani ya kikapu kikubwa ulichotandika majani makavu ya ndizi kwa unene wa mkono mmoja, chini na pembeni, na juu unaweka mto ao blanketi ya zamani. Joto halina pa kutokea, chungu kinaendelea kujipika chenyewe. Unaenda shamba, ao sokoni. Ukirudi baada ya saa mbili ao tatu, unarudisha motoni, unatia mawese, unachemsha tena mpaka itokote, halafu mnakula. Msiruke hiyo hatua ya mwisho: chakula kilicholala vuguvugu kinaharibika. Na kikapu hakishiki nafasi ya kinu, wala ya ile nusu saa ya kuchemsha wazi. Kinashika nafasi ya kuni za mwisho tu, na hizo ndizo zilizokuwa nyingi.

Neno kwa wanachama wetu Waislamu, na kwa wale ambao kanisa lao halikubali nguruwe: hakuna kitu ninachosema kinachowaweka pembeni. Sombe ni ileile. Tia ndagala kavu ao samaki wa moshi wa ziwa letu. Tukipika pamoja siku za mafunzo, tutakuwa na sufuria mbili, mwiko wake na mwiko wake, na sufuria isiyo na nguruwe itapakuliwa kwanza. Komite imekubali.

Namaliza na mambo matatu ninayoomba.

La kwanza ni kwenu wamama. Ile karatasi yangu ya dakika kumi na tano, kama bado imebandikwa nyumbani, muitoe. Mkimwona jirani anakata sombe kwa kisu na kuitia motoni, mwambieni, na mseme ni mimi niliyekosea, asione haya yeye.

La pili ni kwenu komite. Mafunzo ya jikoni yatolewe na wabibi. Tunao wengi katika chama hiki. Walipwe siku yao kama mimi ninavyolipwa yangu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kinu kwenye uwanja wa nyumba moja, wasichana watano na bibi mmoja. Mimi nitashika daftari na nitatwanga zamu yangu.

La tatu ni kwa wafadhili watakaosoma maneno haya. Katika ripoti inayokuja, ile hesabu ya familia «zilizopunguza muda wa kupika» sitaijaza tena. Nimeomba ibadilishwe: tuhesabu familia zinazotwanga na kuchemsha wazi, na tuhesabu kuni kwa wiki, kwa kikapu na bila kikapu. Inawezekana hesabu ya kwanza itaonekana ndogo. Naomba msione kwamba kazi imerudi nyuma. Mlitutumia msaada kwa ajili ya watoto wa nyumba hizi, na wawili kati yao walitapika kwa ajili ya mstari mmoja niliouandika ili ripoti ipendeze. Ni vizuri mjue, na mjue kutoka kwangu.

Bibi yuko hapa leo, amekaa nyuma, hataki nimtaje jina. Ameleta sufuria mbili, na zimelala kwenye vikapu tangu asubuhi. Anasema maneno yakizidi, sombe itapoa.